Kalamu ya leza au eksirei? Uzoefu wangu, mimi mwenye meno ya maji ya Meru

Kama meno yako ni meupe na hujawahi kuzibwa jino, huenda kalamu ya leza, kifaa cha daktari cha kupimia kama jino limeanza kuoza, ikakufaa kuliko ilivyonifaa mimi. Nimekulia Ngarenanyuki, chini ya Mlima Meru, kwenye maji yenye floridi nyingi kupita kiasi, na meno yangu yana madoa ya kahawia tangu yalipoota. Watu wa Arusha wananielewa. Hapa Dar wengi hudhani navuta sigara.

Kifaa chenyewe kinaitwa DIAGNOdent, cha kampuni ya KaVo. Si kipya, kimekuwapo sokoni tangu 1998, na hiki cha umbo la kalamu ni toleo la baadaye. Kinapiga jino kwa mwanga mwekundu wa leza, wa nanomita 655. Jino lisilooza hurudisha mng'ao kidogo sana. Lakini jino lililoanza kuoza lina mabaki ya bakteria, na mabaki hayo yakipigwa na mwanga huo hung'aa mng'ao wao wenyewe. Kifaa kinaupima mng'ao na kuandika namba, kuanzia 0 hadi 99. Huumii, huchomwi sindano, humezi mionzi. Ila namba ikipanda, mlio nao unapanda kama birika linalotaka kuchemka, na ukiwa umelazwa pale mdomo wazi, mlio ule unatisha kuliko drili.

Kwenye gego la chini kulia ilisoma 38. Daktari, kijana mpole, akanionyesha kioo cha kifaa: "Dada, ikishavuka 30 kwa kawaida uozo umefika kwenye dentini, tabaka la ndani la jino. Tuchimbe leo tuzibe." Nikamwambia, "Daktari, hata hujalisafisha." Akatabasamu, akakubali. Ukoga, ugaga na madoa vyote vinaweza kupandisha namba, na hata dawa ya kung'arishia meno isipooshwa vizuri inaipandisha. Akasugua, akasuuza, akakausha kwa upepo, akapima tena: 19. Jino lilelile, saa ileile! Na madoa yangu bado yalikuwapo, maana ya floridi yamo ndani ya enameli yenyewe, lile gamba gumu la nje la jino, hayatoki kwa brashi.

Nikaomba eksirei. Ile ya kuuma kipande cha plastiki huku kitambuzi kimekaa ndani ya shavu, na kwa kweli kingo zake zinakwaruza ufizi. Mionzi yake ni kidogo, picha mbili hazizidi ile ya kawaida tunayoipata kwa siku chache tu za kuishi duniani, lakini kama una mimba mwambie daktari kabla. Picha ikaonyesha kivuli katikati ya magego madogo mawili ya juu kushoto, mahali ambapo kalamu haikutoa hata mlio. Haikuwa na njia ya kufika: ilipita juu, kwenye uso wa kutafunia, na hata ncha yake nyembamba ilishindwa kupenya kwa sababu meno yangu yamebanana.

Eksirei nayo ina upofu wake. Uozo mchanga hauonekani mpaka jino liwe limepoteza madini mengi, na juu ya gego enameli nene inaficha tundu dogo. Kwa hiyo ukiambiwa "mashine yetu ya mwanga imechukua nafasi ya eksirei," uliza kwanza wanazungumzia sehemu gani ya jino.

Sikuchimbwa siku ile. Nilienda kwa mzee mmoja aliyewahi kunitibu zamani, nikamwamkia, nikampa picha. Yeye hana leza. Alikausha meno kwa upepo, akatazama kwa kioo na taa nzuri, taratibu. Chuma chenye ncha kali hakukigusa. Anasema kukichomeka kwa nguvu kunaweza kuvunja doa ambalo lingeweza kukaza tena lenyewe. Kisha akaweka taa ndogo nyembamba yenye mwanga mweupe nyuma ya yale magego madogo, na kivuli kikajitokeza palepale picha iliposema. Mwanga ni mwanga, hata wa bei rahisi.

Uamuzi wake: gego la leza liachwe, lile dogo lenye kivuli lizibwe, kwani kimeshavuka enameli. "Na mwanangu, upige mswaki kwa dawa yenye floridi mara mbili kwa siku." Mtu wa Ngarenanyuki kuandikiwa floridi! Nilicheka mpaka nikakohoa. Akanieleza kwamba floridi huharibu meno yakiwa bado yanajengwa ndani ya ufizi utotoni. Yakishaota, ile ya kwenye dawa ya mswaki huyalinda.

Je, ningeilipia kalamu tena? Ndiyo, kwa kazi moja: kulifuatilia gego lile. Jino likishasafishwa na kukaushwa, ipimwe sehemu ileile, namba iandikwe kwenye faili, tuone inapanda au imetulia. Kwa kumwambia mtu mwenye madoa achimbwe leo, silipi hata shilingi. Bei yake kwenye kliniki ile ilikuwa juu kuliko ya picha mbili za eksirei, na mapokezi hawakuniambia mpaka wakati wa kulipa, kwa hiyo ulizia kabla hujakaa kwenye kiti.