Mteja wa siri: kazi ipo, lakini si kazi ya kununua

Wengi huuliza kama kazi ya mteja wa siri, yaani kuingia dukani kama mteja wa kawaida na kuripoti ulivyohudumiwa, ni ya kweli au ni utapeli. Jibu kwanza: ipo na ni halali. Kampuni za kupima huduma zina hata chama chao cha kimataifa, MSPA, kilichoanzishwa mwaka 1998. Kinachowachanganya watu ni jina. Anayeingia akidhani atalipwa kwa kununua vitu huchoka akifika ripoti ya pili, kwa sababu kinacholipwa hasa ni macho, kumbukumbu na kalamu. Manunuzi ni kisingizio tu cha kukuingiza dukani.

Mpango wenyewe uko hivi. Mwenye mtandao wa maduka, benki, mgahawa au kituo cha mafuta anataka kujua wafanyakazi wake wanafanya nini bosi asipokuwepo. Anaiajiri kampuni ya kupima huduma, nayo inamtuma mtu wa kawaida aingie kama mteja mwingine yeyote. Kama kuna askari kanzu, basi huyu ni mteja kanzu: hana sare wala kitambulisho, na hajitambulishi kwa mtu.

Kujiandikisha ni bure. Unajaza fomu kwenye tovuti ya kampuni: umri, eneo unaloishi, kama una gari, kama unavaa miwani (wauza miwani nao hupimwa), kisha unaandika sampuli fupi ya maelezo. Sampuli hiyo usiichukulie kimchezo, maana ndiyo inayoonyesha kama unaweza kueleza tukio bila kupiga chuku. Halafu unakubali mkataba wa kibarua huru: si mwajiriwa, huna mshahara, kodi ni juu yako, na huruhusiwi kuitaja popote biashara iliyoiajiri kampuni hiyo. Watu wenye uzoefu hujiandikisha kwa kampuni nyingi, kwani moja peke yake mara chache huwa na kazi za kutosha katika eneo moja. Vyeti vya mafunzo vinavyouzwa vinaweza kusaidia kidogo, lakini si sharti la kupata kazi.

Ukichagua kazi kwenye orodha, unapewa mwongozo. Usome mara mbili, mara ya pili ukiwa na fomu ya ripoti pembeni, kwa sababu fomu ndiyo inayokuambia uangalie nini. Fomu ya kawaida ina maswali ya ndiyo na hapana pamoja na nafasi za maelezo: ulisalimiwa baada ya sekunde ngapi, nani alikusalimia na kwa maneno gani, alikupendekezea bidhaa ya ziada, foleni ilikuwa na watu wangapi, choo kilikuwa na sabuni. Kwenye mgahawa muda hupimwa kwa vipande: kuingia hadi kukalishwa, kuagiza hadi kinywaji kufika, kinywaji hadi chakula, kuomba bili hadi kuletewa. Hayo yote uyapime bila mtu kushtuka. Njia rahisi ni kujitumia ujumbe mfupi usio na maana kwa mwingine, kwa mfano “nimefika” au “tayari”, na simu itaweka saa yenyewe. Majina ya wahudumu yaandike ukiwa chooni au nje. Ukikodolea macho kitambulisho cha keshia kifuani huku unanong'ona jina lake, umeshajulikana.

Ripoti nyingi hutakiwa ndani ya saa 12 hadi 24, pamoja na picha ya risiti. Kisha mhariri wa kampuni huisoma na kuirudisha kwa maswali, kuikubali, au kuikataa. Kampuni nyingi huipa kila ripoti alama, na ukiwa na alama za chini kazi nzuri hazikufikii tena.

Hapa kwenye kukataliwa ndipo jasho la wengi linapopotelea, na sababu hujirudia. Ya kwanza ni tawi. Biashara moja inaweza kuwa na matawi mawili kwenye barabara moja, na aliyeingia lisilo lake amefanya kazi ya bure. Linganisha anwani au namba ya tawi iliyo kwenye risiti kabla hujaondoka mlangoni. Ya pili ni saa: kazi ikisema saa 5:30 hadi 7:30 mchana na risiti ikaonyesha 7:34, mhariri hana la kufanya, kwa kuwa mwenye biashara alilipia kipimo cha wakati wa msongamano. Ya tatu ni namba za kukadiria. Ripoti yenye dakika 5, dakika 10 na dakika 15 kila mahali humwambia mhariri kwamba mtu alikisia. Andika dakika 6 na sekunde 40 kama ndivyo ilivyokuwa.

Kosa la nne ni la uandishi, na ndilo gumu kuliacha. “Mhudumu alikuwa na dharau” ni hukumu. “Mhudumu aliendelea kuzungumza na mwenzake kwa sekunde 50 nikiwa nimesimama mbele yake, kisha akasema ‘Eh?’ bila kuniangalia” ni taarifa. Sentensi ya pili mwenye biashara anaweza kuifanyia kazi, ya kwanza itazua ubishi tu. Vilevile majibu ya ndiyo na hapana yasigombane na maelezo. Ukiweka “hapana” kwenye kusalimiwa halafu ukaeleza kwamba mlinzi alikukaribisha, ripoti inarudi. Mhudumu asiye na kitambulisho mweleze kwa urefu wa makadirio, nywele, miwani, rangi ya shati, na uache mambo ya kudhalilisha. Kumbuka kuna mtu upande wa pili wa fomu hiyo: marupurupu yake, au onyo lake la kazini, yanaweza kutegemea sentensi uliyoiandika ukiwa na usingizi.

Sasa malipo. Tofautisha ujira na marejesho. Ujira ni pato lako. Marejesho ni pesa yako mwenyewe inayorudi, tena hadi kikomo kilichowekwa, na ukizidisha bili umejilipia. Kazi za mgahawa mara nyingi zina marejesho makubwa na ujira mdogo au sifuri, kwa hiyo uzihesabu kama chakula cha bure chenye kazi ya nyumbani. Pia malipo hayaji haraka: siku 30 hadi 60 ni kawaida. Kampuni inayolipa mwishoni mwa mwezi unaofuata itakuweka karibu siku 60 ukifanya kazi tarehe 2. Kipindi hicho chote pesa ya manunuzi imetoka mfukoni mwako, kwa hiyo asiye na akiba asichukue kazi tano za kununua kwa wakati mmoja.

Kabla ya kukubali, gawa ujira kwa muda wote, si muda wa kuwa dukani peke yake. Kusoma mwongozo dakika 30, safari kwenda na kurudi 40, kuwa dukani 25, kuandika 60: hizo ni dakika 155, zaidi ya saa mbili na nusu. Kazi inayoonekana nono kwa “dakika 25 tu” mara nyingi hukonda hapo. Kinachoinua hesabu ni kuunganisha kazi tatu au nne za njia moja, na kusubiri siku za mwisho za mwezi. Kazi zisizochukuliwa huongezewa ujira muda ukibana, na mpanga ratiba wa kampuni akibanwa hujadilika.

Kwa aina, kazi za simu, ambapo unapiga simu na kupima unavyojibiwa, ndizo bora kwa anayeanza: hakuna nauli wala risiti. Vituo vya mafuta na ukaguzi wa wazi, ambapo unajitambulisha na kupiga picha rafu, ni vya haraka na fomu zake ni fupi. Benki na wauza magari hulipa zaidi ila hutaka maelezo marefu ya mazungumzo yote. Kazi za video, zenye kamera iliyofichwa, huwa na ujira mkubwa kuliko hizo zote, lakini sheria za kumrekodi mtu bila idhini hutofautiana kutoka nchi hadi nchi. Usiiguse kabla kampuni haijakuonyesha kwa maandishi ruhusa inayotumika mahali ulipo. Kwa ujumla tunaipa kazi hii alama za kutosha kama pato la pembeni, na za chini kabisa kama tegemeo la kodi ya nyumba.

Na matapeli? Wapo wengi, na Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani (FTC) imekuwa ikiwaonya watu dhidi yao kwa miaka mingi. Kipimo kikubwa ni pesa inakotangulia kutoka. Kampuni ya kweli hukulipa baada ya ripoti, na haikutumii fedha kabla. Tapeli hukutumia hundi nono, anakwambia ubaki na sehemu yako, na zilizobaki uzitume ili “kupima” huduma ya kutuma pesa, au ununue kadi za zawadi (kadi za manunuzi zilizolipiwa kabla) na kumtumia picha ya namba za nyuma. Mtego unanasa kwa sababu benki huonyesha salio ndani ya siku chache, ilhali kugundua kwamba hundi ni bandia kunaweza kuchukua wiki kadhaa. Hundi ikirudi, deni ni lako, na pesa uliyotuma haipo tena.

Sura nyingine ni ya ujumbe wa simu: kazi ndogo za kubofya, malipo madogo ya kweli mara mbili tatu ili uamini, kisha unaambiwa uweke amana ili “kufungua” kazi za juu. Wengine huazima jina la kampuni halisi. Anwani ya barua pepe hufanana nayo isipokuwa herufi moja, kwa hiyo ingia kwenye tovuti kwa kuandika anwani mwenyewe, usifuate kiungo. Hakuna kampuni halali inayohitaji namba ya siri ya kadi yako au inayotaka umtajie mtu msimbo unaotumwa kwenye simu, wala inayokuuzia orodha ya kazi.

Kama hundi imeshaingia kwenye akaunti yako, usitume chochote. Iambie benki leo kwamba unashuku hundi ni bandia, na utunze bahasha pamoja na ujumbe wote. Kama namba za kadi za zawadi zimeshatoka, mpigie aliyetoa kadi ukiwa na risiti na kadi yenyewe mkononi. Salio likiwa bado halijatumika, anaweza kulizuia.