Leza ipi uifunge kwenye dredinoti yako: mwongozo wa kununua ndani ya EVE Online

Kwenye EVE Online, gemu ya mtandaoni ya meli za angani, ukishamaliza mafunzo ya kuendesha Revelation, dredinoti (meli kubwa ya kivita) ya himaya ya Waamarr, swali linalofuata ni la pesa: kwenye zile nafasi tatu za mizinga uweke nini? Wengi hufungua soko, wakatazama namba ya uharibifu kwa sekunde, wakanunua iliyo kubwa kuliko zote. Mimi nashauri uanze na swali jingine: utampiga nani? Dredinoti ikiwasha moduli ya Siege, ile inayoipa mizinga nguvu yake kamili, inaganda pale ilipo kwa dakika 5. Haisogei, haipokei matengenezo kutoka kwa wenzako, na kila mzunguko unakula mafuta yaitwayo Strontium Clathrates. Kama mzinga wako haumpati adui aliyekuja, dakika hizo tano zote utabaki kumtazama tu.

Chaguo langu la kwanza, bila kusita, ni Dual Giga Pulse Laser. Kazi kubwa ya dredinoti ni kuua dredinoti wenzake, meli kubwa nyingine na vituo, na mapambano hayo mara nyingi hufanyika karibu karibu. Hapo leza hii ina sifa ambayo mizinga ya risasi haina: kubadilisha kristali, ambazo leza hutumia badala ya risasi, hakuchukui muda. Chukulia unampiga adui wa karibu kwa kristali ya Multifrequency, halafu meli nyingine inatokea mbali kidogo. Unabonyeza Scorch, kristali ya mbali, na mzunguko unaofuata tayari unafika huko. Mwenye mizinga ya risasi ya Waminmatar, taifa jingine la gemu hii, angesubiri sekunde 10 kujaza risasi za aina nyingine. Tena kristali za kawaida hazichakai, kwa hiyo seti moja inakutosha vita baada ya vita. Zinazochakaa ni zile za daraja la pili na za majeshi ya himaya.

Ila Scorch inataka mzinga wa daraja la pili, na mzinga huo unataka ujuzi wa Capital Pulse Laser Specialization, ambao haupatikani haraka. Je, usubiri? Inategemea kampuni yako, yaani kundi lako la wachezaji, inatumiaje dredinoti. Kama mnazirusha mkijua kabisa kwamba nyingi hazitarudi, nunua mizinga ya daraja la kwanza. Bima ya ndani ya gemu hulipa bodi ya meli tu, hailipi kilichofungwa juu yake. Mizinga ikilipuka ni hasara yako yote. Kama dredinoti yako inalinda nyumbani na huwa inarudi salama, vumilia mafunzo, ununue daraja la pili mara moja.

Leza ina udhaifu wake na lazima uujue kabla hujatoa pesa. Inapiga kwa aina mbili tu za uharibifu, sumakuumeme na joto. Ngao ya kawaida ina kinga ya asilimia 0 dhidi ya sumakuumeme, kwa hiyo wanaotegemea ngao wataumia sana. Deraya ya kawaida huanza na kinga ya asilimia 50 au zaidi dhidi ya aina hiyo hiyo. Ukijua kwamba wapinzani wenu wa kila wiki wote ni watu wa deraya, hesabu hilo. Jambo la pili ni umeme: leza hunywa kapasita (akiba ya umeme ya meli) kuliko mizinga ya aina nyingine, na meli iliyofyonzwa umeme hairushi mwale hata mmoja. Tenga fedha za kapasita kwenye bajeti hiyo hiyo ya mizinga.

Chaguo la pili ni Quad Mega Pulse Laser, na kwa mchezaji ambaye kampuni yake ni ndogo ningeiweka ya kwanza. Mizinga ya jamii hii ililetwa mwaka 2016 ili dredinoti iweze kupiga meli zilizo ndogo kuliko yenyewe. Inageuka kwa kasi, na inatumia kristali za ukubwa wa L, zile zile za meli za kivita za kawaida, kwa hiyo hata kristali zake ni rahisi kupata. Giga Pulse ikielekezwa kwa kruza (meli ya ukubwa wa kati) inayokimbia itapiga hewa. Quad Mega Pulse, ukiwa na mwenzako wa kumpunguza adui mwendo kwa wavu, inammaliza. Kwa dredinoti nyingine haina nguvu ya kutosha. Ukiweza, nunua seti zote mbili na uzihifadhi kituoni: meli ni ile ile, unabadilisha mizinga kulingana na taarifa za upelelezi.

Ya tatu inahitaji meli tofauti. Zirnitra, dredinoti ya Watriglavian, hubeba Ultratidal Entropic Disintegrator, mzinga mmoja tu, wenye mwale unaozidi kuwa mkali kadiri unavyoendelea kumng'ang'ania adui yule yule. Ukibadilisha shabaha unaanza upya. Kwa kupiga vituo na meli zenye uhai mwingi ni silaha nzuri mno. Kwenye vurugu za shabaha zinazobadilika kila mara, faida yake inayeyuka. Vilevile umbali wake una mpaka mkali: adui akiuvuka, mwale haufiki kabisa.

Dual Giga Beam Laser naiweka ya nne. Inafika mbali, lakini mara nyingi utalipia umbali usioutumia.

Ile silaha ya Bane, dredinoti ya mikuki iliyokuja mwaka 2023, siipangi pamoja na hizi. Mwale wake unapita kwenye mstari na kuzinyima meli unazozigusa uwezo wa kuruka kwenda mfumo mwingine. Ni kifaa cha kundi zima, na kiongozi wenu ndiye wa kuamua kama kinahitajika. Judgement, silaha ya meli ya Avatar, nayo ni ya wenye titani, meli kubwa kuliko zote, na titani si ununuzi wa mtu aliye peke yake: kwenye vita vya mfumo wa nyota wa B-R5RB ndani ya gemu, Januari 2014, ziliangamia 75.

Kuhusu kununua kwenyewe: kabla ya kulipa, jaribu mpangilio wako kwenye dirisha la kufunga vifaa, lina sehemu ya kuiga bila kumiliki kitu. Soko la Jita ndilo lenye bidhaa nyingi, lakini liko eneo la usalama wa juu, ambako dredinoti haiingii, kwa hiyo jumlisha gharama ya kusafirisha mizinga hadi meli ilipo. Kama huna haraka, weka oda ya kununua badala ya kuchukua bei ya muuzaji. Walio Nairobi au Dar wasihofu umbali wa seva iliyoko London. Gemu hii huhesabu matukio mara moja kwa sekunde, na mtandao wa kawaida unatosha. Kumbuka pia kwamba akaunti ya bure ya Alpha haiendeshi meli kubwa hizi, kwa hiyo gharama ya Omega, akaunti ya kulipia, iingie kwenye hesabu kabla ya mzinga wa kwanza.