Mwaka mmoja na nusu nikiwa mwanagenzi wa chama cha wapishi cha Windurst

Mara ya kwanza kufungiwa duka nilichelewa kwa dakika tatu tu. Dakika tatu za kule ndani ya gemu ya kompyuta, maana kwa saa ya ukutani kwangu ni kama sekunde saba. Nilikuwa nimevuka mji mzima nikikimbia, fuwele za maji zimejaa mfukoni, nataka karoti nne tu. Muuzaji akaniambia chama kimefungwa. Nikabaki nimesimama pale kaunta nikimtazama. Nilikuwa nimezoea magemu ambayo duka liko wazi usiku na mchana na muuzaji hachoki kukusubiri.

Gemu yenyewe ni Final Fantasy XI. Ilianza Japani mwezi Mei 2002 kwenye PlayStation 2, na hadi leo bado iko hewani, ila sasa inachezwa kwenye kompyuta ya Windows tu; milango ya PlayStation 2 na Xbox 360 ilifungwa Machi 2016. Ada ni dola 12.95 kwa mwezi kwa mhusika mmoja. Wengi huiandika kwa ajili ya vita na majoka. Mimi nimekaa humo mwaka mmoja na nusu na sehemu kubwa ya muda huo nimekuwa jikoni, kwa hiyo naandika kuhusu vyama vya mafundi, vile vinavyoendeshwa na kompyuta yenyewe na si na wachezaji.

Kuna vyama vya useremala, uhunzi, usonara, ushonaji, kazi ya ngozi, kazi ya mifupa, dawa na mapishi, na pembeni kuna chama cha wavuvi. Vimegawanywa katika miji mitatu. Bastok ni mji wa migodi, kwa hiyo sonara na mtengeneza dawa wako huko. San d'Oria ina misitu, huko utawakuta maseremala na watu wa ngozi. Wapishi wako Windurst, na mkuu wao ni bwana mfupi anayeitwa Piketo-Puketo. Kila chama kina duka lake, mkuu wake, mitihani yake, na saa zake za kufungua. Hizo saa ndizo zilizonikamata.

Siku moja ya kule inakwenda kwa dakika 57 na sekunde 36 za huku kwetu, yaani muda wao unakimbia mara 25 kuliko wetu. Chama cha wapishi kinafungua saa 11 alfajiri na kufunga saa 2 usiku. Ukipiga hesabu, unapata dakika 36 za kununua na kuuza, halafu dakika ishirini na kitu za giza. Wiki yao ina siku nane, na wapishi wanapumzika siku ya nane, siku ya Giza. Ukikosa kununua kabla ya saa 2 usiku wa kuamkia mapumziko hayo, utasubiri saa nzima na dakika 19 mpaka mlango ufunguliwe tena. Nimeshakaa hivyo mara nyingi, na katika kusubiri huko ndiko nilikojifunza kuvua samaki.

Mwanzoni nilikasirika. Baada ya mwezi hivi nikaona nimeanza kuishi kwa saa za chama. Najua duka linakaribia kufunguliwa, napanga mkoba, natoa fuwele, nahesabu gil zangu, yaani pesa za kule. Alfajiri ikifika naona wachezaji wengine wamekuja kusimama pale pale, kimya, kila mmoja na shida yake. Hakuna gemu nyingine iliyonipa foleni ya sokoni namna hiyo.

Sasa bei, maana hapo ndipo penye utamu. Duka la chama lina stoo yenye kiwango. Mzigo ukijaa, bei iko chini kabisa. Watu wakinunua, bei inapanda kadiri mzigo unavyopungua. Ukiwauzia wewe, mzigo unaongezeka na bei inashuka, pamoja na bei watakayompa anayekuja kuuza nyuma yako. Siku ya kule ikigeuka, baadhi ya bidhaa zinajazwa tena kidogo, na nyingine hazijazwi kabisa mpaka mchezaji alete. Hakuna kubembelezana, hakuna mteja wa damu, hakuna "njoo kesho nitakupunguzia".

Nilimweleza mama yangu haya siku moja. Yeye anauza nyanya na vitunguu soko la Tandika, na alikuwa amekaa nyuma yangu akisubiri nimalize tule.

"Sasa hao wauzaji wa kwenye kompyuta nao wanalala?"

"Wanafunga duka, mama. Wana saa zao."

"Na bei anapanga nani?"

"Inajipanga. Mzigo ukipungua inapanda."

Akanyamaza kidogo. "Basi hapo kuna watu wanafika alfajiri wanabeba wote."

Hajawahi kushika kibodi maishani mwake, na ndani ya dakika moja aligusa ugonjwa ambao mimi ulinichukua wiki kadhaa kuuona. Kweli wapo. Mlango ukifunguliwa anaingia mtu mmoja, anachukua sukari ya maple yote, anaipeleka kwenye nyumba ya mnada na kuiuza kwa mafungu ya 12. Siku moja niliikuta huko karibu mara tatu ya bei ya chama, na duka la chama likiwa tupu. Kompyuta haimzuii. Haina jicho la kumtambua mlanguzi, kwake yeye ni mteja kama mimi. Nikalipa, kwa sababu mtihani wangu ulikuwa unanisubiri.

Lakini sikilizeni upande wa pili, maana ndio unaonifanya nivitetee vyama hivi. Mnada unategemea watu. Usiku ambao wachezaji ni wachache, unaweka bidhaa yako na hainunuliwi. Chama hununua. Bei inaweza kuwa ya chini, inaweza kukuuma, lakini ipo. Nilipokuwa sina hata gil za nauli ya kusafiri mji kwa mji, chama ndicho kilichonishika mkono. Na kuna kitu mlanguzi hakiwezi: hawezi kuufunga mlango. Siku ya kule inageuka, bidhaa zinazojazwa zinarudi, na anayetaka kuhodhi itabidi arudi tena na tena kila baada ya chini ya saa moja ya huku. Wengi huchoka. Soko la wachezaji peke yao halina breki ya namna hiyo.

Kupika kwenyewe kunahitaji subira. Kila pishi linakula fuwele moja: ya maji kwa juisi, ya moto kwa mikate na vya kuoka. Fuwele unazipata kwa kuwapiga wanyama wa porini ukiwa umeomba baraka kwa askari wa mji wako. Karoti nne za San d'Oria na fuwele ya maji zinatoa supu ya karoti, na usifikiri ni chakula cha mtu. Wafuga wanyama huinunua ili kumwita sungura wa kupigana naye. Machungwa manne ya Saruta yanatoa juisi ambayo wachawi huinywa kurudisha nguvu za uchawi. Kwa hizo mbili tu nililisha mhusika wangu miezi miwili. Ujuzi unapanda kwa vipande vya sehemu moja ya kumi, na kila ngazi ina kikomo. Ukikaribia kikomo, mkuu wa chama anakutajia chakula, unakipika, unampelekea, ndipo anakufungulia ngazi inayofuata. Usipompelekea, unaweza kupika hadi ukonde na ujuzi hautasogea.

Halafu kuna mkataba. Unatia saini na chama kimoja tu kwa wakati, na kila siku wanataja kitu wanachokitaka. Ukikileta unapewa alama, na alama zikijaa unanunua siri za kazi: kushika samaki mbichi, kukanda tambi, keki, sufuria ya mchuzi. Bila ile ya samaki mbichi hutatengeneza sushi hata uwe na samaki wa bahari nzima. Kitu kinachotakiwa hubadilika saa sita usiku ya Japani, ambayo Afrika Mashariki ni saa 12 jioni. Sijui kama waliotengeneza gemu waliwahi kumfikiria mtu wa Dar es Salaam, lakini kwangu saa hiyo imekaa vizuri mno. Natoka kazini, adhana ya magharibi inakaribia, na chama kimeshatangaza kazi mpya.

Seva ziko Japani na intaneti ya nyumbani kwetu ikisuasua vita vinanishinda. Naona adui ameanguka sekunde mbili baada ya wenzangu. Jikoni hakuna shida hiyo. Karoti hazikimbii. Kwa wenzangu mnaocheza kutoka mbali na seva, hii ni sababu ya kutosha ya kuangalia upande wa ufundi kabla hamjakata tamaa.

Kuna sheria moja nimeichukia na kuipenda kwa zamu. Unaweza kupeleka kazi moja tu hadi kileleni. Zingine zote zinabaki chini. Nilitaka kuwa mpishi na sonara kwa pamoja, nikakataliwa na mashine bila maelezo. Kwa hiyo sasa nina mhunzi wangu, mchezaji mwenzangu wa Ufilipino, ananitengenezea vifaa na mimi namlisha. Tusingejuana kama chama kingeniruhusu kila kitu.

Malalamiko yangu ya kweli ni mawili. La kwanza ni kwamba chama hakijifunzi. Kiasi cha kujaza stoo ni kile kile, watu wakigombania sukari au wakiiacha ioze. Muuzaji wa kweli angeagiza zaidi. La pili linaniumiza zaidi kuliko nilivyotarajia. Nimepanda ngazi baada ya ngazi mbele ya Piketo-Puketo, nimempelekea kila alichotaka, na bado ananisemesha kwa maneno yale yale aliyoyatumia nikiwa mgeni. Ningetoa alama zangu zote ili siku moja aseme, "Ah, umerudi, karoti ziko kule." Kitu kidogo, lakini mtu akikutumikia mwaka mzima anastahili kukumbukwa.

Kama unataka kujaribu: siku 14 za kwanza ni bure, lakini usizitumie kuamua kuhusu ufundi, maana hazitoshi hata kuonja. Andaa kadi ya malipo ya kimataifa mapema. Benki yangu ilikataa malipo mara mbili kabla sijapiga simu wanifungulie. Chagua Windurst kama unataka kupika, ili usisafiri. Usinunue viungo kwenye mnada kabla ya kupita chamani, hata kama mnada uko karibu. Fuwele mwachie moogle wa pale chamani, kile kiumbe kidogo kinachowahudumia wachezaji, akutunzie, mkoba usijae. Na ukikuta bei ya unga imepanda ghafla, tazama siku: mara nyingi ni ya saba, kila mtu ananunua kabla ya mapumziko. Nunua siku ya tano au ya sita.

Leo kule ni siku ya sita, duka limebakiza dakika kumi na moja za huku, na ninahitaji unga wa rai fungu moja na chumvi ya mawe.