Vitasa vya plastiki vya ndani ya gari la zamani: gundi na spea nilizojaribu

Gari langu ni la miaka ya 1990. Injini bado ina nguvu na gia zinaingia vizuri, lakini vitasa vya plastiki vya ndani vimekuwa vikikatika kimoja baada ya kingine: cha droo ya dashibodi, cha kifuniko cha kisanduku kilicho katikati ya viti, na mwishowe mkono wa ndani wa mlango wa abiria. Spea mpya za gari la umri huu ni shida kuzipata, kwa hiyo nimejaribu karibu kila njia inayopendekezwa na mafundi na wenye magari. Naandika kwa kirefu kwa sababu ushauri mwingi niliopewa uliishia kwenye maneno mawili tu, paka supaglu.

Basi nianze na hiyo supaglu. Inashika haraka, na kwa kipande kisichobeba mzigo, tuseme pambo lililobanduka, inatosha kabisa. Kwa kitasa siipendekezi. Ikishakauka inakuwa ngumu isiyopinda, ilhali kitasa kinapigwa kishindo na kuvutwa upande kila droo inapofungwa. Sikio la kitasa, yaani kile kipande kidogo kinachoshika pini yake, nililoliunga kwa supaglu lilishika muda mfupi, kisha likaachia palepale penye mstari wa gundi. Tena inaacha ukungu mweupe kuzunguka kiungo, na kwenye plastiki nyeusi ukungu huo unaonekana ukiwa bado mlangoni. Mahali pamoja tu nimeifurahia: matundu ya skrubu yaliyopanuka. Unajaza soda ya kuokea ndani ya tundu, unadondoshea gundi, inaganda papo hapo na kuwa ngumu kiasi cha kutobolewa upya kwa drili na kushika skrubu. Fanya hivyo penye hewa, maana inatoa joto na moshi unaowasha macho.

Kazi yangu ilibadilika siku nilipokigeuza kipande nikasoma mgongoni. Watengenezaji wengi hupiga chapa ya aina ya plastiki, >ABS<, >PP< au >POM<, kwa utaratibu wa kiwango cha kimataifa cha ISO 11469. Herufi hizo ndizo zinazoamua kama gundi itashika. ABS inakubali epoksi (gundi ya mirija miwili inayochanganywa) na inayeyuka kwa asetoni, kwa hiyo inaungika vizuri. PP na POM hazikubali gundi za kawaida. POM hutumika sana kwa ndimi za vitasa, yaani sehemu inayoingia na kufunga, na vipande vinavyosuguana kwa sababu uso wake unateleza, na kuteleza huko huko ndiko kunakoifukuza gundi. Ukiona POM imekatika, weka gundi kando, tafuta kipande kingine.

Kitasa changu cha droo kilikuwa ABS, ila ulimi wake, ambao kwa bahati ulikuwa mzima, ni POM. Kilichokatika ni sikio moja kati ya mawili yanayoshika pini. Hapo ndipo epoksi ya mirija miwili iliponiridhisha kuliko kitu kingine chochote nilichotumia, lakini haikufanya kazi peke yake. Nilikwangua sehemu zote mbili kwa msasa hadi ule mng'ao ukaisha, nikafuta mafuta kwa spiriti, nikatoboa vitundu vyembamba pande zote mbili za mkatiko na kupitisha vipande vya waya wa kibanio cha karatasi. Waya ndio unaobeba mvuto. Epoksi inaushikilia mahali pake. Pini niliipaka grisi kidogo kabla ya kumimina, ili epoksi isiigandishe na kuzuia mkono wa kitasa kuzunguka. Grisi hiyo isifike kwenye kiungo, la sivyo kazi yote ni bure. Upande wa nyuma, ambao hauonekani, niliongeza unene kadiri nafasi ilivyoruhusu.

Epoksi zenyewe zinatofautiana. Ile inayoganda kwa dakika 5 ni ya haraka, lakini kwa vitasa nimeona ile inayotaka kuachwa saa 24 inashika imara zaidi. Tatizo lake ni subira: mtu anaigusa jioni, anaona imekauka, anafunga droo. Iache imalize.

Kwa kifuniko cha kisanduku cha katikati nilitumia njia nyingine. Nilichukua mabaki ya ABS, nikayakatakata ndani ya chupa ya kioo na kuyaloweka kwenye asetoni hadi yakawa rojo. Ukiipaka kwenye ufa, asetoni inalainisha kingo zote mbili, na ikishapaa plastiki inabaki kitu kimoja. Naipenda kwa sababu ukipiga msasa rangi inalingana. Kasoro yake ni kwamba inanywea inapokauka, hivyo inapakwa tabaka jembamba juu ya jingine, na siku moja haitoshi kwa sehemu nene. Asetoni inashika moto haraka na inaharibu uso wa dashibodi ikidondoka, kwa hiyo kazi hii ifanyike nje ya gari.

Jambo ambalo mafundi wengi hawaliangalii ni kilichokivunja kitasa. Kabla ya kurudisha changu, niliifunga droo polepole nikiwa nimevuta mkono wake, nikitazama ulimi unakofika. Ulikuwa unagonga ukingo wa chuma kinachoupokea badala ya kuingia katikati. Skrubu za chuma hicho zilikuwa zimelegea kikashuka, na bawaba za droo nazo zina mchezo. Kila mara droo ilipofungwa, ulimi ulipanda kwa nguvu na masikio yakabeba mzigo usio wao. Nilipandisha chuma, nikakaza skrubu, nikapunguza makaratasi na vyuma vilivyojazwa humo, kisha nikapaka grisi ya silikoni kwenye springi na ulimi. Chagua silikoni, kwa sababu baadhi ya vilainishi vya mafuta ya petroli huifanya plastiki ya ABS kupasuka. Nina hakika kwamba bila marekebisho hayo hata kitasa kipya kabisa kingekatika.

Spea zilizotumika nimezipata pia, na sizibezi. Ila kumbuka zimekaa juani miaka sawa na zako. Kunja masikio kidogo kwa vidole chini ya mwanga; mistari myeupe ikijitokeza, plastiki imeshachoka. Vitasa vilivyochapwa kwa mashine za 3D navyo vizuri, lakini uliza vimechapwa kwa plastiki gani. PLA, plastiki inayotumika sana kwenye mashine hizo, huanza kulainika karibu na nyuzi 60 za sentigredi, na dashibodi iliyopigwa na jua inaweza kupita hapo. Cha ABS kinavumilia hadi karibu nyuzi 100, na hicho ndicho ningelipia. Cha chuma, ambacho wengi hukisifu, nimekiondoa. Hakivunjiki, ni kweli, lakini nguvu inahamia kwenye mlango wa droo ambao bado ni plastiki, na mlango ni mgumu kuupata kuliko kitasa.

Ukifungua eneo hilo la dashibodi, usiguse nyaya na soketi za manjano. Mara nyingi hizo ni za mfuko wa hewa, na kwa upande wa abiria huwa juu ya droo. Kitasa chenyewe kwa kawaida kinatoka bila kuzifikia. Ikilazimu kusogea karibu nazo, ondoa waya wa betri kwanza na umwachie fundi anayezijua.

Mkono wa ndani wa mlango sikuunga kwa chochote. Huo ndio unaomtoa mtu nje gari likipata ajali, na kiungo cha gundi kinaweza kuachia siku hiyohiyo. Nilitafuta mzima, na wakati wa kuufunga nikabadilisha pia kile kishikizo kidogo cha plastiki kinachoshika fito inayokwenda kwenye kitasa cha mlango, kwa sababu kikikauka kinakatika na mlango haufunguki hata mkono ukiwa mpya.