Uzoefu wangu na ConnectedSolutions: betri ya nyumbani inaingiza kiasi gani Massachusetts

Mwenye nyumba Massachusetts, Marekani, aliye na betri ukutani, ConnectedSolutions ndio mpango ninaoupendekeza bila kusita: kampuni ya umeme inakulipa kwa kutumia betri yako. Haulipi kwa sababu umefunga betri. Unalipia kazi inayofanywa na betri. Kuanzia Juni hadi Septemba, alasiri na jioni viyoyozi vinapoielemea gridi, betri huamriwa kutoa umeme kwa saa mbili au tatu. Msimu ukiisha, wastani wa kilowati ulizotoa unazidishwa kwa dola 275. Kiwango hicho nimehakikishiwa hakitabadilika kwa miaka 5.

Hesabu ndipo watu wanapopotoshwa. Muuzaji anasoma kibandiko cha Powerwall 2, betri ya Tesla, anaona kilowati 5, anakuahidi dola 1,375. Betri hiyo inabeba kilowati-saa 13.5 tu, na kutoa kilowati 5 kwa saa tatu kunataka 15. Ukiacha akiba ya asilimia 20, yaani chaji isiyoguswa ili ikusaidie umeme ukikatika, unabaki na 10.8, gawa kwa tatu upate kilowati 3.6, yaani dola 990. Pandisha akiba hadi asilimia 50 na malipo yanashuka mpaka kama dola 619. Mimi naiacha kwenye 20, kwa sababu hizo kilowati-saa 2.7 zinavusha friji na modemu usiku kucha umeme ukikatika.

Kinachokula pesa zaidi ni intaneti. Amri isipofika, betri haitoi kitu na mara hiyo inaandikwa sifuri. Tuseme msimu mzima umeitwa mara 40, ukakosa 4: wastani wa 3.6 unakuwa 3.24, dola 99 zimekwenda. Kama betri iko gereji, vuta kebo ya mtandao kutoka kwenye ruta. Wi-Fi ya kupenya kuta mbili usiitegemee. Ukibadilisha nywila, iunganishe betri upya siku hiyo hiyo. Jua la moja kwa moja nalo baya, kwani betri ikipata joto kali hujipunguzia nguvu saa ile ile unayoihitaji.

Kabla ya kununua, tazama jina lililo kwenye bili. Kampuni za umeme za National Grid na Eversource zimo. Ukihama Worcester kwenda Shrewsbury au Holden, kampuni ya umeme ni mali ya mji na mpango huu haupo. Betri ya kukodi, soma mkataba vizuri: malipo yanaweza kuishia kwa kampuni inayoimiliki. Na makadirio ya bei yanayokukatia asilimia 30 kwa jina la nafuu ya kodi ya shirikisho kwa mwenye nyumba yakatae, maana nafuu hiyo ilikoma 31 Desemba 2025.

Taratibu zinakwenda hivi: kibali cha mji, ukaguzi wa nyaya, idhini ya kampuni ya umeme ya kuwasha, kisha unajisajili, mara nyingi kupitia programu ya mtengenezaji. Idhini ndiyo inayokawia, kwa hiyo fundi aanze kazi wakati wa baridi. Betri iliyofungwa Mei inaweza kuikosa Juni yote.