Pawa tila ya petroli niliyonunua Malindi: mashine nzuri, duka mmh

Watu wamezidi kuniuliza inbox kuhusu ile mashine ya kulimia nilonunua hapa mjini, wacha niseme mara moja yaishe. Ni pawa tila ya petroli, ya Mchina, injini ya hospawa 7, visu viko chini ya injini yenyewe, na yale magurudumu madogo ya mbele ni ya kuisukumia tu ukiwa njiani. Ilinitoka 50,000 na kitu. Shamba letu liko upande wa Ganda, ekari moja na kipande, na miaka yote tulikuwa twasubiri trekta ya kukodi, sasa masika ikianza kila mtu amtaka dereva yuleyule, ukija kufikiwa mahindi ya jirani yashafika magotini.

Kwanza duka. Kijana alieniuzia aliniambia "iko tayari hiyo, tia petroli uvute kamba". Hiyo kauli ingeniulia mashine siku ya kwanza. Bahati yangu mpwa wangu ni fundi wa pikipiki, akafungua kifuniko cha oili akachomoa kile kijiti cha kupimia, kikavu kabisa. Hizi mashine hupakiwa bila oili, lazima utie mwenyewe kabla hujaigusa ile kamba. Yangu ilikunywa kama lita 0.6, na unapima ikiwa imesimama sawasawa, ikiinama kijiti chakudanganya. Na msichanganye oili na petroli jamani, hiyo ni kwa zile injini za tu-stroku, hii ni fo-stroku, kila kitu na tangi lake. Mpwa wangu akasema masaa 20 ya kwanza yakiisha mwaga oili yote utie mpya, tulipomwaga ilitoka na unga wa chuma unang'aa kama pambo la harusi.

Sasa kisa chenyewe. Siku ya kwanza nimevuta kamba, ikashika mvuto wa tatu, nikabana klachi, wallahi ilinikokota kama punda alienusa maji. Yaruka juujuu, yakwaruza inchi mbili tu, mimi nyuma naning'inia kwenye usukani huku watoto wa jirani wanacheka. Siku mbili hivo, jioni mikono yatetemeka hata kikombe cha kahawa sishiki vizuri, nikasema basi nishaibiwa. Mama ndie alieenda kwenye boksi akatoa chuma kirefu chenye matundu, akaniuliza "mwanangu, na hichi nacho cha nini?" Nilishauliza dukani siku ile, wakanambia ni spea. Kumbe ndio roho ya mashine! Kinachomekwa nyuma, katikati, kinazama ardhini na kuizuia isikimbie, ndio visu vipate muda wa kuchimba. Ukikandamiza usukani chuma kinazama zaidi, mashine yapunguza mwendo na kwenda chini, ukiinua kidogo yasogea mbele. Basi, ujanja wote ni huo. Tangu siku ile natembea nayo mwendo wa bibi harusi.

Ila usitake kufika chini kwa mkupuo mmoja. Mimi napita mara ya kwanza juujuu, inchi 3 hivi, kisha nabadilisha tundu kile chuma kishuke, napita tena kwa kukata zile njia za mwanzo. Na udongo uupime kwanza. Mama anafinya konzi moja, anafungua kiganja, anaugusa kwa kidole: ukimeguka twende kazi, ukibaki donge kama andazi turudi nyumbani, manake ukilima na tope jua likiupiga wapata matofali. Mwenye ploti ya matumbawe kule karibu na bahari asijisumbue, visu vitarusha mawe tu na mashine itamrukia miguuni.

Usalama nao, hapa sina mchezo. Kabla ya kulima natembea shamba zima na panga, natoa vifuu, waya, na hizi kamba za nailoni ambazo sijui hutoka wapi. Kitu kikijizonga kwenye visu nazima injini, nachomoa ile kofia ya waya kwenye plagi, NDIO natia mkono. Klachi ukiiachia visu visimame, siku vikiendelea kuzunguka usilime, rekebisha waya wa klachi kwanza. Ya kwangu ina gea ya nyuma, na hiyo ndio yaniogopesha kuliko zote, ukirudi nayo bila kuangalia wabanwa kati ya usukani na mnazi huku visu vyakufuata miguu. Ami mmoja jirani alikuja kujaribu na kikoi chake na kandambili, nikamwambia ami samahani, kwa hilo tutakosana leo. Akanambia nimelima na kikoi kabla hujazaliwa. Nikamwambia kweli ami, lakini jembe halizunguki. Akacheka, akaenda akarudi na suruali na gambuti.

Petroli naongeza injini ikishapoa, nangoja robo saa nzima hata kama nina haraka, na siijazi mpaka mdomoni. Banda letu ni la makuti kwa hivo ikiwa ya moto siingizi ndani, yabaki nje. Na kuiwasha ndani ya stoo ati kuipima tu, usithubutu, ule moshi huua mtu na hata hausikii. Msimu ukiisha namwaga petroli yote, ikilala ndani kabureta yaziba. Visu navipaka oili chafu, kwa hii hewa yetu ya chumvi kutu haichelewi.

Kasoro zipo. Kelele sana, naziba masikio na pamba. Ile mitetemo inalegeza nati, kila asubuhi nazunguka na spana. Filta ya hewa yashika vumbi upesi, naisafisha kila baada ya siku mbili. Visu vya kubadilisha nilikosa mjini nikaagizia Mombasa. Lakini ekari nimeimaliza siku mbili, mikupuo miwili, na mchicha na kunde za mama mwaka huu zimeota kwenye udongo laini.

Mashine naipa nyota 4. Duka nyota 2, na moja ni ya yule mzee wa mlangoni alienisaidia kuipandisha kwenye tuktuk. Juzi nimepita pale, wametoa nyingine nje kwa maonyesho, inang'aa nyekundu. Nikachungulia nyuma: chuma hakipo, kiko ndani ya boksi.