Hobie 16 iliyotumika: tanga jipya lisubiri, usukani kwanza

Anayetafuta katamarani (chombo cha matanga chenye mitumbwi miwili sambamba) ndogo ya mashindano kwa bei isiyoumiza ataishia kuitazama Hobie 16, apende asipende. Imekuwa majini tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, zimeshaundwa zaidi ya 100,000, na kanuni za daraja lake zinabana mabadiliko kiasi kwamba ya zamani iliyotunzwa bado inaisumbua mpya. Urefu ni mita 5.05, upana 2.41, uzito kilo 145, matanga mawili yenye jumla ya karibu mita za mraba 20. Kwa watu wawili huo ni upepo mwingi.

Hobie Alter, mchonga mbao za kuteleza mawimbini wa California, alitaka chombo cha kuondokea mchangani na kurudi mchangani. Ndiyo maana hakina ubao wa kushusha majini. Badala yake kila mtumbwi umenyooka upande wa nje na kubinuka upande wa ndani, hivyo ule wa demani (upande upepo unakoelekea) ukilala vizuri majini unakisukuma chombo kuelekea joshi (upande upepo unakotoka). Ufukweni hiyo ni raha tupu: hakuna ubao wa kuvunjika. Kwenye kubisha, yaani kupanda dhidi ya upepo, ni habari nyingine. Ukiibana mno kwenye upepo inateleza ubavu kama kaa, na wenye mbao wanakupita juu. Iachie kidogo ishike kasi, ndipo mitumbwi ifanye kazi yake.

Kabla ya kulipa, kagua mitumbwi kwa kidole na kwa sikio. Bonyeza sitaha mbele ya nguzo za mbele zinazobeba fremu, kisha gonga kwa sarafu kuelekea omo, yaani ncha ya mbele. Mlio mkavu ni mzima. Mlio bubu maana yake tabaka za fibaglasi zimeachana na povu la katikati. Eneo la ukubwa wa kiganja linatibika kwa kutoboa vitundu na kuingiza epoksi. Likifika mkono mzima, achana nayo. Halafu inua omo mmoja taratibu uutazame mwenzake. Ukipanda mno kabla wa pili haujaondoka chini, fremu imelegea kwenye nguzo, na fremu iliyolegea inakula nguvu yote ya waya za mlingoti utakazokaza.

Maji ndani ya mitumbwi hayaji kwa uchawi. Paka maji ya sabuni kwenye maungio, kwenye nguzo na kwenye boliti za usukani, kisha pulizia pumzi ya mdomo kwenye tundu la kizibo cha nyuma. Tumia mdomo, si kompresa ya kujazia matairi: hiyo itabandua sitaha. Povu litakuonyesha pa kuziba. Lita 10 zilizojificha ni kilo 10 unazozibeba mbio nzima, tena zinakimbilia omo kila chombo kinapoinama.

Sasa usukani, ambako wengi wanapuuza huku wakihangaika na matanga. Kwenye Hobie kuukuu kana, yaani mpini wa usukani, inachezacheza mkononi hata chombo kikiwa kimesimama. Mchezo huo uko sehemu tatu: pini na bushi zake kwenye tezi (nyuma ya chombo), boliti inayoshika ubapa (ubao wa usukani unaozama majini), na ncha za fimbo inayounganisha sukani mbili. Badilisha bushi, weka washa nyembamba za plastiki pande zote mbili za ubapa mpaka utikisike kwa shida lakini bado upande na kushuka wenyewe. Kisha pima umbali kati ya bapa mbili, kingo za mbele na kingo za nyuma. Mbele pawe sawa na nyuma, au pungufu kwa milimita zisizozidi 3. Zaidi ya hapo unakokota breki mbili. Kurekebisha ni kwa kuzungusha ncha ya fimbo, kazi ya dakika tano.

La pili ni mwegamo wa ubapa. Ukifungwa chini, ncha yake ije mbele kidogo, kuelekea chini ya mtumbwi. Sababu ni mlingoti. Wanaoshindana huulaza nyuma sana ili omo usizame, na kulaza huko kunarudisha nguvu ya tanga nyuma, chombo kikataka kugeukia upepo muda wote. Ubapa ulioegemea nyuma unaongeza uzito wa kana mpaka mkono wa nahodha unakufa ganzi. Kwa hiyo ukigusa mlingoti bila kugusa usukani, umefanya nusu ya kazi. Jaribu majini: legeza vidole kwenye kana. Chombo kigeukie upepo polepole. Kikigeuka kwa pupa, sogeza ncha mbele zaidi. Kikitaka kukimbia na upepo, umepitiliza, na siku nahodha akianguka hakitamsubiri.

Mlingoti ulale kiasi gani? Kipimo ni makapi (puli) ya demani, hapa ikiwa na maana ya kamba ya kuvutia tanga kubwa. Kaza demani mpaka mwisho: makapi ya juu na ya chini yabaki na nafasi ya vidole viwili hivi. Yakigusana kabla ukingo wa nyuma wa tanga haujakaza, umelaza kupita kiasi, au unahitaji makapi mafupi. Waya wa mbele ukilegea baada ya kutweka tanga dogo, usishtuke. Waya ulioshonewa ndani ya ukingo wa tanga hilo ndio unaobeba mlingoti, na ukiuacha mlegevu tanga linapinda na kubisha kunakufa.

Kasoro kubwa kuliko zote ni omo mwembamba. Upepo wa ubavuni ukizidi, omo wa demani unazama, chombo kinasimama ghafla na baharia anayening'inia nje kwa waya anaruka kuzunguka mbele. Wote wawili warudi nyuma mapema, na tanga dogo lilegezwe kwanza, kwani ndilo linaloukandamiza omo. Kugeuka nako ni kwa subira: acha tanga dogo lishike upepo upande usio wake mpaka omo upite, legeza demani, subiri papi (vijiti vya kunyoosha tanga) za tanga kubwa zipinduke ndipo ukaze. Anayeharakisha anabaki ameelekea upepo, anarudi nyuma.

Wa kuinunua ni wawili wepesi. Kanuni zinataka jumla isiyopungua kilo 129 mbioni, na kuinyanyua ikipinduka kunadai uzito wa watu wa karibu kilo 135 ukining'inia kwenye kamba. Mpweke hapa hana lake. Atafute A-Class, katamarani ya mtu mmoja ya kilo 75, lakini ajiandae kwa bei ya kaboni.

Oda ya kwanza ya vipuri iwe bushi na washa za usukani, vizibo viwili vya akiba na mfuko wa ringi ndogo za pini. Waya yoyote ya pembeni yenye uzi mmoja uliokatika itoke siku hiyohiyo, hasa pale inapoingia kwenye kishikizo cha chini, ambapo kutu hujificha. Pitisha kitambaa juu yake: uzi uliokatika utakinasa kabla jicho halijauona.